Kamba za Kutembea

Mama alipohamia Mtowisa alichukua sufuria mbili, blanketi, rozari yake na picha ya harusi. Mashua aliiacha juu ya kabati letu pale Izia, mjini Sumbawanga. Sikuona ajabu, maana tangu nipate akili mashua ile ilikuwa juu ya kabati, na hakuna aliyewahi kuishusha ila kwa kufuta vumbi.

Kilichomhamisha ni kifua. Wageni wakija Sumbawanga na vishati vyao vya mikono mifupi huwa nawaonea huruma na kufurahi kidogo, vyote kwa pamoja. Mwezi wa sita huku juu Ufipa maji ya ndoo asubuhi hukata vidole, na mzee mwenye kifua kibovu utamsikia akikohoa kutoka nyumba ya tatu. Hospitali walimwambia mama baridi itammaliza. Mdogo wake alikuwa ameolewa huko Mtowisa, bondeni, kwenye joto na mpunga, basi tukamshusha huko kabla kipupwe hakijashika.

Mwezi wa saba dereva wa lori la mchele aliniletea barua kibarazani kwangu, Mazwi, mahali nilipokuwa na cherehani yangu. Mwandiko ulikuwa wa mama mdogo, maneno ya mama. Kifua kimepata nafuu, ila si ya kutegemea. Mpunga umevunwa. Salamu kwa mkwe na wajukuu. Na mwisho kabisa: "Niletee mashua yangu. Nataka nilione tanga likipanda kabla sijafa."

Nilisoma mara tatu. Mama hakuwa mtu wa kuomba. Kuna mwaka jino lilimuuma wiki nzima, na sisi tulijua alipokwisha kuling'oa. Mtu wa namna hiyo akikuomba kitu kimoja katika maisha yake, huendi kulala. Nilifunga cherehani mapema, nikapanda baiskeli mpaka nyumbani, nikaishusha mashua.

Ilikuwa na urefu wa mkono wangu na shibiri moja juu. Aliichonga babu mzaa mama, nahodha wa Kirando, aliyekuwa akivusha dagaa na mawese kwa tanga katika Ziwa Tanganyika enzi ambazo injini zilikuwa za watu wachache. Mama alikuja nayo alipoolewa huku juu. Marehemu baba, Mfipa wa ulezi na mahindi ambaye maji ya maana kwake yalikuwa ya mvua, aliigeuza ghala dogo. Ndani yake nilikuta betri za redio zilizokwisha nguvu, kadi za kliniki, sindano yenye kutu na ufunguo wa kufuli lisilojulikana. Panya walikuwa wamemaliza kamba zote. Tanga lilinichanikia mkononi. Kilichobaki ni mwili wa mashua, mlingoti wake, ile boriti nyembamba ya kushikia tanga ambayo mabaharia huiita foromali, na makapi mawili ya pembe ambamo kamba hupita, moja likiwa na ufa.

Muda wa kuitengeneza nilikuwa nao, na sikuupenda muda huo. Zamani, wakati wa foleni, kitambaa kilikuwa adimu na fundi cherehani alikuwa mtu wa kuamkiwa. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Maduka ya Mazwi yakajaa sabuni za kila rangi, redio kaseti, nyuzi za kila namna ambazo zamani tulizililia, na yakaja marobota ya mitumba. Makoti ya Ulaya, mazito, yenye mifuko ndani ya mifuko. Nani angekuja kupimwa suruali kwangu? Niligeuka fundi wa kupunguza: kutwa nakata miguu ya suruali za Wazungu warefu. Nyuzi tele, kazi hakuna. Nilikuwa mtu wa hasira miaka ile, na mke wangu anaweza kuthibitisha.

Kwa hiyo barua ya mama ilinipa kitu ambacho mikono yangu ilikuwa inakitafuta. Tanga nililishona siku mbili, kwa kitambaa cha marekani, nikalipiga pindo lililonyooka ambalo hata sasa naliona kuwa zuri. Ila tanga bila kamba ni leso tu.

Nilimpelekea mashua jirani yetu, mzee seremala aliyestaafu katika karakana ya misheni, mtu wa madawati, milango na majeneza. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, kisha akaizungusha mashua mara mbili na kusema kapi lenye ufa atalichonga upya, kwa pembe ya mbuzi. Mengine, alisema, ni kufunga kamba tu. Huyu mzee alikuwa na jibu la kila swali, na mara nyingi jibu lilikuwa lile lile.

Nikiyakumbuka leo nacheka. Wanaume wawili wa Ufipa, ziwa moja upande huu na ziwa jingine upande ule, na hakuna aliyewahi kukanyaga chombo cha tanga. Kuogelea sijui mpaka leo. Lakini tulikaa pale karakanani kwake jioni baada ya jioni tukibishana kama manahodha.

Mke wangu alisema mara moja tu, "Si umwandikie mama umuulize kamba zilikaaje?"

Nikamjibu kwamba mambo ya vyombo vya majini ni ya wanaume, na mama angeyajulia wapi. Tena nataka iwe zawadi, si mtihani. Alinitazama, akaendelea kuchambua maharage.

Zile kamba za kushikilia mlingoti, zisizosogea, zilikuwa rahisi. Unafunga, unakaza, basi. Kazi ilikuwa kwa kamba zinazotembea: ile inayopita katika kapi juu ya mlingoti na kupandisha foromali pamoja na tanga lake, na nyingine mbili za kuvuta pembe za tanga huku na huku. Kwanza seremala alizifunga kwa fundo analofungia paa. Tanga likapanda vizuri, likakataa kushuka. Ikabidi tukate. Tukajaribu fundo la kufungia mbuzi malishoni, ikawa vile vile. Halafu uzi tuliotumia kama kamba ukaanza kutoa manyoya kila ulipopita kwenye kapi, ukavimba, ukakwama.

Hapo ndipo mimi nilipojiona nina akili. Fundi viatu hupaka uzi wake nta ili uwe laini na usikatike, na hata sisi wa cherehani hufanya hivyo tukishona vifungo vya makoti. Seremala alikuwa na kopo la vipande vya mishumaa ya kanisani. Mimi nikanunua nta ya nyuki kwa wauza asali. Tukayeyusha pamoja, nikazipitisha kamba humo, nikazivuta kati ya vidole mara tatu. Kwa baridi ile nta iliganda papo hapo, ngumu na yenye kuteleza. Nikavuta kamba. Tanga likapanda bila sauti. Nikalegeza, likashuka. Tulilipandisha labda mara thelathini jioni ile. Mzee aliagiza pombe ya ulezi, tukanywa tukiwa tumejifunika makoti yetu ya mitumba, pumzi zikitutoka kama moshi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mashua inakwenda wapi.

Wiki sita zilikuwa zimepita. Barua ya pili ya mama ilikuwa na maneno matatu: "Mashua iko wapi?"

Nilipata lori lililokuwa linashuka tupu kufuata mchele. Seremala alitengeneza kisanduku, nami nikakijaza vitambaa ili mashua isigongwe. Kutelemka mlima wa Lyamba lya Mfipa ni kama kufungua mlango wa jiko. Kona ya kwanza nilivua koti. Katikati ya mlima nikavua sweta. Tulipofika chini nilikuwa nimefungua vifungo vyote vya shati, na mashua masikini haikuwa na cha kuvua. Gurudumu lilipasuka karibu na Muze. Tulikaa pale tangu asubuhi hadi jua lilipopinda, kisanduku kikiwa juani na vumbi la kila ng'ombe aliyepita likiingia katika nyufa zake. Mimi mwenyewe nilikaa kivulini.

Mama alikuwa barazani kwa mama mdogo, amekonda, ila macho yake yalikuwa yale yale. Alikuwapo pia jirani yao, Msukuma mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake kutoka kaskazini, ambaye kila siku alimletea mama maziwa na kukaa kumsikiliza akimsengenya mkwe wa fulani. Nikawaamkia wote. Nikaitoa mashua, nikaiweka juu ya kigoda, na kwa aibu yangu nikatoa na hotuba. Nikasema habari za babu, habari za ziwa, habari za heshima kwa wazazi. Kisha nikashika kamba na kuvuta.

Tanga lilipanda kiasi cha kidole kimoja, likasimama. Nikavuta zaidi. Foromali ikalala upande. Nta ilikuwa imelainika, ikachanganyika na vumbi, ikawa ugali mweusi uliojaza makapi yote mawili. Nikavuta kwa nguvu, kamba ikaninata kidoleni. Watu wa mikoa mingine hututania Wafipa kwamba tunatuma radi. Ningekuwa nayo saa ile ningemtumia yule seremala, kisha nikajitumia na mimi.

Nilitaka kulia, mtu mzima mwenye watoto watatu. Mama alikuwa ameomba kitu kimoja.

Alinyoosha mikono. "Lete."

Nikampakatisha mashua. Akaikamata ile kamba kwa vidole viwili, akainusa. Akauliza kama ni nta, nikakubali. Akauliza ya mishumaa au ya nyuki, nikasema vyote viwili. Akauliza nani alinifundisha, nikamtaja seremala, nikawataja na mafundi viatu. Hapo akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, mama mdogo akamshika mgongo, sisi wengine tukasimama hatujui la kufanya. Kilipotulia alifuta machozi kwa pindo la kitenge.

"Wafipa," alisema, kana kwamba hakuzaa wanne.

Aliamuru maji yachemshwe na majivu yatiwe ndani. Akaniambia nichomoe kamba zote, za kutembea na za kukaa. Kazi yangu ya wiki sita ikaingia kwenye sufuria. Nta ikapanda juu, akaiengua kwa kijiko kama mtu anayeengua povu la maharage, akarudia na maji mapya, kisha akazianika kamba kwenye mkeka uliokuwa na mpunga. Makapi aliyasafisha mwenyewe kwa kijiti na sabuni.

Kesho yake asubuhi, yule Msukuma alipoleta maziwa, mama alimwomba nywele za mkia wa ng'ombe. Ndefu, akasema, za ng'ombe aliye hai. Jamaa alidhani ni dawa, akauliza kwa adabu ni ya ugonjwa gani. Alipoambiwa ni za kutilia kamba kwenye mashua alikwenda akicheka peke yake, akarudi na nywele tatu nyeusi na alama ya teke pajani.

Mama aliukunja unywele mmoja katikati, akaingiza kitanzi kwenye tundu la kapi, akapitisha ncha ya kamba ndani ya kitanzi, akavuta. Kamba ikatokea upande wa pili. Mimi tundu lile nililihangaikia kwa sindano jioni mbili nzima. Yeye hakuwa hata anatazama. Alikuwa anatazama mashamba ya mpunga na vidole vinakwenda vyenyewe.

Akawa anasimulia huku anafanya kazi. Babu alivunjika mguu, akakaa nyumbani mavuno mawili, na kwa kutokuwa na la kufanya akachonga mashua. Mikono yake ilikuwa minene, haikuweza makapi madogo namna hiyo. Mama alikuwa hajafikisha miaka tisa. Babu akakaa kitandani akitaja, yeye akatia. Hii inayopandisha foromali ni henza. Hii ya kuvuta pembe ya nyuma ni demani. Alipomaliza, babu alizichomoa zote akamwambia aanze tena. Wasichana hawakuchukuliwa chomboni, lakini kufikia mguu ulipopona hakukuwa na kijana pale Kirando aliyezijua kamba za chombo kumpita yeye. Kisha akaolewa akaja huku juu, ambako maji ni ya kuchota.

"Miaka yote hiyo hukutuambia," nikasema.

"Hamkuuliza. Baba yenu aliweka betri humo, nikaona basi, ndiyo kazi yake sasa."

Nilijitetea. Nikamwambia barua yake ilisema anataka alione tanga likipanda, nami nilitaka alione.

Alisimamisha mikono kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, niliandika uniletee mashua yangu. Kulipandisha ningelipandisha mwenyewe."

Wiki sita zile mama alikuwa amekaa barazani akihesabu malori, na mimi nilikuwa napaka nta.

Alipofika kwenye kufunga alinipa mimi ncha ya henza. Nikafunga. Akatazama, akafungua kwa meno. "Hili ni la mbuzi. Kamba ya kukaa unaifunga ife. Kamba ya kutembea unaifunga ilale." Akanionyesha fundo lake, lenye mkunjo ambao ukivuta ncha tu lote linaachia. Lazima lifunguke kwa mkono mmoja, alisema, kwa sababu siku utakapolihitaji, mkono wa pili utakuwa umeshika kitu kingine. Nilikosea mara nyingi mpaka mama mdogo akaenda kupika na kurudi. Siku nzima ile nilikuwa mwanafunzi mjinga, na sijui kama nimewahi kuwa na siku nzuri kuliko ile.

Jioni alilipandisha. Hakukuwa na upepo, wala hotuba. Alivuta henza taratibu, mkono juu ya mkono, foromali ikapanda, marekani yangu ikafunguka yote. Alilitazama tanga muda mrefu.

"Baba alikuwa anavuta hivi hivi," alisema. Kisha akasema pindo langu lina mapambo mengi, hili ni tanga la sikukuu, si la kazi. Nikabisha. Tulibishana mpaka chakula.

Niliiacha mashua kwake.

Masika ile mvua zilikata njia. Mtu aliyepanda mlima kwa miguu ndiye aliyeniletea habari kwamba mama ni mgonjwa sana, na nilipofika Muze lori halikuweza kwenda mbele, nikatembea kwenye tope mpaka Mtowisa. Nilikuta wamemzika jana yake. Niliwakasirikia wote: barabara, mvua, dereva, mama mdogo aliyeshindwa kuningoja siku moja. Nilisema maneno nisiyoyataka kuyarudia. Mama mdogo aliniacha nimalize, kisha akasema kwa upole kwamba kwa joto lile wasingeweza kungoja. Joto lile lile.

Aliniingiza chumbani. Mashua ilikuwa juu ya kigoda kando ya kitanda. Tanga lilikuwa limeshushwa, limekunjwa juu ya foromali, kila kamba imezungushwa mahali pake kama chombo kilichofika. Mama mdogo akaniambia kwamba siku mbili kabla ya kufa aliomba ainuliwe akae. Alilishusha mwenyewe, akafunga henza, akasema, "Asilipandishe mtu mpaka mwanangu aje."

Nilikaa kitandani kwake. Kigoda kilikuwa na mguu mfupi, kinayumba, ikabidi niishike mashua ubavuni kwa mkono wa kushoto isianguke. Kwa mkono wa kulia nikavuta ncha ya fundo. Likaachia mara moja. Nikavuta henza, na tanga likapanda mpaka juu, halikukwama popote.